Ripoti ilifika, ikasomwa, ikapigwa PA: tumlaumu mchambuzi au mkubwa?

Mzee wa Masijala:

Wadau, niko kwenye jam ya Thika Road tangu saa kumi na moja na dereva amezima injini, kwa hivyo uzi huu utakuwa mrefu. Mnivumilie.

Kenya tuna mtindo wetu. Mkasa ukitokea, siku ya kwanza tunauliza wajasusi walikuwa wapi. Siku ya pili gazeti linachapa kwamba walikuwa wameonya. Siku ya tatu polisi wanasema onyo halikuwafikia, ama liliwafikia likiwa halishikiki. Siku ya nne tumehamia stori nyingine. Tulipitia hayo baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakiwa wamekufa. Tukayapitia tena Mpeketoni mwaka uliofuata.

Mimi si jasusi wala sijawahi kuwa, na anayetafuta siri hapa atatoka mikono mitupu. Nilianza kazi nikiwa karani wa masijala, nikapanda pole pole hadi dawati la sera katika wizara moja hapa mjini. Jengo silitaji. Sikuona taarifa zikikusanywa. Niliona yanayozipata zikishafika.

Kwa wasiojua masijala: faili ikitoka kwa mkubwa huwa na alama. PA maana yake imekwisha, irudi kabatini. BU maana yake bado, iletwe tena mezani tarehe iliyoandikwa pembeni. Karani mzuri ana daftari la BU, na tarehe ikifika, mkubwa atake asitake, faili itamkuta mezani. Serikali yote inakaa kwenye herufi hizo nne.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja mvua za masika zilichelewa, ikaja ripoti ya kurasa mbili, bahasha ndani ya bahasha, kuhusu wafugaji wa kaunti mbili zinazopakana. Imeandikwa vizuri sana. Ilieleza ng'ombe wamehamia wapi, wazee wa upande gani wamekataa kikao, bunduki zimeonekana wapi, ikamalizia kwamba kuna uwezekano wa mapigano hali ikiendelea hivyo. Mkubwa wangu aliisoma. Naapa aliisoma, nilimwona akipiga mistari chini ya maneno. Kisha akaandika pembeni neno moja la Kizungu lenye maana ya "nimeona", akatia sahihi, akapiga PA.

Wiki tatu baadaye watu wakauana wakigombania maji.

Kinachoniuma ni hiki. Wizara yetu ilikuwa na maboza ya kubebea maji, tena ilikuwa na kisima cha dharura kilichofungwa, mwendo mfupi tu kutoka pale, cha kufunguliwa kwa barua moja. Aliyeandika ripoti hakujua tuna kisima. Mkubwa wangu hakujua kuwa ripoti ile ilikuwa inamwomba kitu. Aliona ni mambo ya usalama, na usalama ni kazi ya Harambee House, kwa wakubwa wa usalama.

Wala si kwetu tu. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu 1,133, ilikuta kwamba idara ya ujasusi ya wakati ule ilikuwa imetabiri vurugu. Kilichokosekana ni maandalizi ya waliopokea.

Mimi naona dawa ni BU. Kila onyo litoke na jina la mtu mmoja wa kulijibu, na tarehe ya kujibu. Nipingeni.

Mbishi wa Kayole:

Mzee pole na jam, lakini unawabeba hao wachambuzi. "Kuna uwezekano wa mapigano." Hata mimi naweza kuandika hivyo. Kuna uwezekano mvua inyeshe Kayole kesho. Ikinyesha, nilionya. Isiponyesha, hakuna mahali nilisema itanyesha. Hiyo si taarifa, ni mwavuli wa aliyeandika.

Halafu hesabu karatasi anazopokea waziri kwa siku. Ukipiga mayowe ya mwizi kila usiku, siku mwizi akija kweli jirani anavuta blanketi.

Binti wa Isiolo:

Mbishi leo umesema kweli, niandike tarehe.

Hilo la maneno lina historia. Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika makadirio kuhusu Yugoslavia, kama ingevamiwa na majirani zake wa kambi ya Kisovieti mwaka huo. Wakasema ni jambo linalowezekana, na la kuchukuliwa kwa uzito. Ofisa mmoja wa mambo ya nje akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa wakubwa waliosimamia kazi hiyo, maneno hayo yana maana gani. Kent akajibu: 65 kwa 35 kwamba itavamiwa. Yule bwana akashtuka, maana yeye alikuwa ameelewa chini ya hapo sana. Kent akarudi kuwauliza wenzake mmoja mmoja. Watu walioketi meza moja wakakubaliana sentensi moja vichwani mwao walikuwa na kila kitu kuanzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20!

Na hao walikuwa wakiandika kwa lugha yao ya mama. Sisi tuna huenda, labda, pengine, yamkini, inawezekana, na mtu wa Pwani akikwambia inshallah ujijazie mwenyewe. Waingereza siku hizi wana kipimo cha wachambuzi wote wa serikali: neno hili ni asilimia 55 hadi 75, hili 80 hadi 90, na "karibu hakika" ni 95 kwenda juu. Si kwamba wanajua kesho. Angalau waziri na mchambuzi wanasoma neno lile lile.

Lakini asilimia haibebi maji. Mimi nimefanya kazi na taarifa za ukame, na huko ndiko Mzee angejifunza. Mamlaka ya kudhibiti ukame, NDMA, iliyoundwa 2011, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame. Kila kaunti inawekwa ngazi yake: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au inapata nafuu. Satelaiti inapima hali ya majani, na kipimo kikishuka chini ya 20 huo unahesabiwa ukame mkali. Katika mpango wa pesa wa kupambana na njaa ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kushuka huko ndiko kunakoamsha malipo ya ziada kwa kaya ambazo kwa kawaida hazipokei. Hakuna kikao cha kubishana kama watu wana njaa ya kutosha. Waliamua kabla, wakiwa wameshiba na akili zimetulia.

Sisemi mambo yote ni shwari, pesa huchelewa na kila mtu wa huko anajua. Lakini linganisheni na Somalia. Maonyo ya njaa yalianza kutoka Agosti 2010. Njaa ikatangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria waliokufa kuwa 258,000, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Miezi kumi na moja ya maonyo, na mazuri kweli kweli.

Mbishi wa Kayole:

Satelaiti inapima majani. Chuki utaipima na nini?

Binti wa Isiolo:

Soko la mifugo la pamoja kufungwa. Familia za mpakani kuhamisha watoto. Ng'ombe kuhama kabla ya wakati wake. Vijana kuondoka bila wake zao. Hupati asilimia, lakini unapata ngazi. IGAD, jumuiya ya nchi za pembe hii ya Afrika, wana kitengo cha maonyo ya migogoro, CEWARN, tangu 2002, na walianza na mambo kama hayo hayo ya wafugaji wa mipakani. Kukusanya walijua. Kilio chao cha miaka yote ni kile kile cha Mzee: onyo linatoka, wa kulifanyia kazi haonekani.

Kijana Roysambu:

Wueh, hii thread ni ya wazee lakini niko ndani. Swali la mjinga: si basi hao wachambuzi wahamie tu kwa ofisi ya waziri? Wakae naye, waskie shida zake, story iishe.

Wakili South B:

Kijana, swali lako si la mjinga. Kuna walioenda njia hiyo, na tuone walikofika.

Septemba 2002 serikali ya Uingereza ilichapisha waraka kuhusu silaha za Iraq. Ndani ya ripoti za kamati yao ya pamoja ya ujasusi kulikuwa na tahadhari: vyanzo ni haba, mengi ni ya kukisia. Kwenye waraka wa umma tahadhari hizo hazikuonekana. Uchunguzi wa Lord Butler mwaka 2004 ulilisema hilo waziwazi. Upande wa Marekani, makadirio ya Oktoba 2002 yaliandikwa kwa chini ya wiki tatu, na wachambuzi wa wizara yao ya mambo ya nje waliokataa sehemu ya nyuklia waliandikiwa pingamizi lao ndani, likasomwa na wachache. Silaha hazikupatikana. Mchambuzi akizoea sana kunywa chai na waziri, anaanza kujua waziri anapenda chai ya namna gani.

Sisi wenyewe tulishaonja ukaribu. Special Branch, polisi wa ujasusi wa zamani, ilikuwa inakusanya, inachambua na inakamata. Walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House wanaweza kuwaeleza uchambuzi wa aina hiyo ulikuwaje. Sheria ya 1998 iliunda idara mpya, iliyoanza kazi 1999, bila mamlaka ya kukamata. Jambo jema sana. Lakini tangu hapo jicho liko nyumba moja na mkono nyumba nyingine, na Mzee anatueleza yanayotokea njiani.

Huko juu kabisa meza ipo. Kifungu cha 240 cha Katiba kinaunda Baraza la Usalama wa Taifa: Rais, naibu wake, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa NIS, yaani idara ya ujasusi, na Inspekta Jenerali wa polisi. Sasa mniambie nani hayumo. Maji hayumo. Kilimo hayumo, elimu hayumo. Kisima cha Mzee hakina kiti pale.

Mzee wa Masijala:

Wakili, hapo mwisho umenigusa. Sikuwahi kuifikiria hivyo miaka yote hiyo.

Matatu imesogea mita hamsini, tumshukuru Mungu.

Kijana, kuna njia ya katikati. Kwa Wamarekani, ofisa anayepeleka muhtasari wa kila siku haachi bahasha mlangoni. Anakaa mkubwa akisoma, anabeba maswali, anarudi nayo kwa walioandika, kesho analeta majibu. Hashauri sera. Lakini mchambuzi anajua mkubwa ameshikwa na nini, na mkubwa anajua nani wa kuuliza. Sisi ripoti ile ya kisima hatukuwa na wa kumpigia. Kulikuwa na namba ya kumbukumbu tu. Ningejibu kwa barua, jibu lingechukua miezi miwili.

Mbishi wa Kayole:

Na huyo mjumbe aliwasaidia nini? Tarehe 6 Agosti 2001 Bush aliletewa muhtasari, kichwa chake kinasema Bin Laden amekusudia kupiga ndani ya Marekani. Mjumbe yuko pale pale. Siku 36 baadaye mnajua kilichotokea.

Mzee wa Masijala:

Nimeikubali hiyo. Mjumbe bila BU ni tarishi mwenye suti.

Lakini kama ni mifano ya Wamarekani, chukueni ya hapa hapa mjini. Mnaopita kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, pale penye bustani ya kumbukumbu. Balozi wao wa wakati ule, Prudence Bushnell, aliandikia Washington akilalamika kwamba jengo la ubalozi liko karibu mno na barabara. Akaandika tena, hadi kwa waziri mwenyewe. Jibu lilikuwa pesa hakuna, na kwa orodha yao Nairobi ilikuwa na hatari ya kiasi cha kati. Neno "kati" ndilo lililogawa pesa. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 213 hapa, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini katika majengo ya jirani, ambao hawakuwahi kusikia kwamba kuna orodha.

Nilikuwa kijana wa masijala wakati huo. Vioo vilitufikia.

DO Mstaafu:

Heshima kwenu. Nimesoma kimya kimya nikaona niseme, maana nyinyi mnazungumzia Nairobi na mimi kazi yangu ya DO, ofisa wa utawala, ilikuwa chini.

Nimekalia kamati za usalama miaka mingi, kaunti ndogo ya Bonde la Ufa, nyingine Kaskazini. Mnakaa asubuhi: mkubwa wa polisi, wa upelelezi, wa utawala, na mwenzetu wa NIS. Mwenyekiti anauliza kila mtu hali. Polisi anataja ng'ombe walioibwa. Chifu aliyeitwa anataja pombe haramu. Ikifika zamu ya mwenzetu, anasema mambo ni tulivu kwa jumla, na kwamba kuna jambo atamweleza mwenyekiti kando. Kumbukumbu za kikao zinaandikwa "hali ni tulivu". Jambo la kando halina kumbukumbu, kwa hivyo halina wa kulifuatilia. Mwenyekiti akihamishwa, limehama naye.

Simlaumu. Chumba kile kilivuja kama kichungi. Niliwahi kusikia kwenye kinyozi, jioni ile ile, neno kwa neno yaliyosemwa asubuhi. Ukimtaja mtoa habari mbele ya watu kumi, umemzika.

Lakini dawa yake tuliipata kwa bahati tu. Mwenyekiti mmoja, mama mmoja mkali sana, alikataa kuambiwa chanzo. Alikuwa anasema: sitaki kujua nani amekwambia, niambie unataka nifanye nini na kabla ya siku gani. Mwenzetu wa NIS mwanzoni alinuna. Akasema kazi yake si kuamuru. Mama akamjibu, siombi amri, naomba ukiwa mimi ungefanya nini. Baada ya miezi michache kumbukumbu zikaanza kuandikwa: "Gari la doria lilale Jumanne mahali fulani. Anayehusika: OCS." Huyo ni mkuu wa kituo cha polisi. Chanzo hakimo, siri haimo, lakini kazi imo. Tukipitia kikao kilichofuata tunaanza na hiyo.

La pili ni gavana. Sheria inampa kiti cha mwenyekiti katika mamlaka ya polisi ya kaunti, lakini kamati ya usalama inaongozwa na kamishna wa kaunti. Maji, zahanati, na barabara nyingi za ndani ziko kwa gavana. Kwa hivyo anayejua fujo inakuja na mwenye grida ya kuchonga barabara hawaketi pamoja. Kisima cha Mzee kiko huku pia.

La tatu nitalisema haraka maana linaumiza. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa. Washambuliaji waliingia chuoni alfajiri. Kikosi maalum cha kutoka Nairobi kilifika alasiri. Hata kama onyo lingekuwa la dhahabu, nani alikuwa ameshaamua ndege gani itawabeba, na kwa sahihi ya nani? Ndiyo maana yule binti wa Isiolo amenikosha. Mambo ya ndege huamuliwa siku ya amani.

Kijana Roysambu:

Huyo mama mkali apewe wizara.

DO Mstaafu:

Alistaafu. Anafuga kuku Kitengela, na kuku wenyewe wanaishi kwa ratiba.

Wakili South B:

DO, maneno ya huyo mama yamenifanya nirekebishe msimamo wangu nusu. Naogopa mchambuzi akishaanza kusema "fanya hivi", kesho atatetea alichopendekeza badala ya alichokiona. Lakini "ungekuwa mimi" ikiulizwa na mkubwa, na jibu likaandikwa kwenye karatasi tofauti na tathmini, hiyo naweza kuishi nayo. Karatasi mbili. Ile ya kuona isiguswe na ile ya kutenda.

Na Mzee, BU yako ina tundu moja. Ukimlazimisha mkubwa ajibu kila onyo, atajibu yote "tunashughulikia". Hilo ni PA lililovaa kanzu.

Mzee wa Masijala:

Kweli. Basi majibu yawe matatu tu: nafanya hiki kwa pesa hizi, sifanyi, kwa sababu hii, au si langu, ni la fulani, na fulani huyo apelekewe faili leo. "Tunashughulikia" irudishwe na karani.

Mbishi wa Kayole:

Hakuna mkubwa Kenya hii atakayeandika "sifanyi" halafu atie sahihi. Tume ikiundwa, karatasi hiyo ndiyo itakayomfunga.

Mzee wa Masijala:

Ndiyo. Na kwa kuwa hataki kuiandika, atafungua kisima. Mimi hilo linanitosha, nia yake aipeleke kanisani.

Kuna onyo ambalo kutolifanyia kazi ni uamuzi halali kabisa. Pesa ni chache, maonyo ni mengi, na wachambuzi hukosea. Mkubwa aliyeandika "sifanyi kwa sababu maboza yote yako Mandera" amefanya kazi yake, hata mambo yakiharibika. Yule wa "nimeona" ndiye anayeninyima usingizi.

Tumefika Githurai. Nashuka.

Binti wa Isiolo:

Mzee kabla hujashuka. Kile kisima kilifunguliwa?

Mzee wa Masijala:

Kilifunguliwa. Siku nne baada ya mazishi. Barua niliiandika mimi mwenyewe, na haikujaza hata nusu ya ukurasa.